Mahali Lori la Kaka Yangu Liliposimama

Tarehe tisa ya mwezi wa saba, siku ya Jumapili, saa nane mchana, nilimpoteza kaka yangu mkubwa. Alikula kidogo bukari, ule ugali wetu, kwa sombe ya majani ya mihogo, akasema anataka kujinyoosha, akalala kwenye mkeka upande wa nyumba wenye jua. Mke wake alipokwenda kumwamsha hakuamka. Alikuwa dereva wa malori tangu ujana wake. Daktari aliyeitwa aliandika neno la Kifaransa kwenye karatasi. Nimeuliza maana yake mara tatu na bado silielewi.

Ninaandika kwa sababu watu wa nyumbani wanasimulia kwamba kaka yangu alibaki duniani siku kadhaa baada ya kuzikwa, na kwamba mashine ilimwona. Nilikuwepo. Mashine iliona kitu, hilo ni kweli. Lakini kitu chenyewe nilikifanya mimi.

Kazi yetu ilikuwa ngumu kuieleza hata kwa majirani. Nje ya Kolwezi, kwenye barabara ya Kasaji, kuna uwanja ambao zamani ulikuwa wa kufyatulia matofali. Enjenia mmoja, mwanamke kijana kutoka Lubumbashi, aliukodi kwa ajili ya utafiti wake. Alisimamisha mlingoti wa mabomba, na juu yake akafunga kamera isiyopiga picha za watu wala rangi zao, ila joto tu. Kwenye kompyuta yake udongo wa moto ulionekana wa njano, na wa baridi ulionekana wa buluu. Kaka yangu aliajiriwa kuleta lori, na mimi niliajiriwa kutunza uwanja.

Sababu alitueleza siku ya kwanza, akichora kwa kijiti chini. Huku kwetu kuna mabwawa ya matope ya migodi, yamezuiliwa kwa kuta za udongo, na chini ya kuta kuna nyumba za watu. Ukuta ukianza kuvuja, udongo wake unakuwa na maji, na wakati wa mchana udongo wenye maji huwa baridi kuliko mkavu. Kamera ya joto ikirushwa juu inaona doa la buluu, na watu wanaweza kwenda kuziba mapema. Tatizo ni kwamba malori hupita na kusimama juu ya kuta hizo. Lori likisimama tangu asubuhi, udongo wa chini yake haupati jua. Likiondoka linaacha doa la buluu vilevile, na kamera haijui lipi ni lipi.

Kwa hiyo alikuwa akiifundisha kompyuta kuchora madoa ya malori. Aliiambia saa ya lori kufika na saa ya kuondoka, nguvu ya jua, upepo, aina ya udongo, na muda ambao injini ilikuwa inawaka. Kompyuta ikachora doa la lori ambalo halijawahi kuwepo popote, na namna doa hilo litakavyofifia saa baada ya saa. Kisha akaweka mchoro huo kando ya picha ya kweli ya lori letu. Zikifanana, alifurahi. Zisipofanana, alibadilisha namba akajaribu tena. Mimi nilifika mwaka wa pili wa sekondari. Kulielewa jambo hilo kwa maneno niliweza. Lakini nilipoiona picha ya doa la lori ambalo halikufika, kila mara nilitazama uwanjani kama vile kuna mtu aliyenidanganya.

Kaka yangu hakusumbuka.

"Batu bengine banalipwa juu ya kutembeza kamio," alisema, yaani lori. "Shee banatulipa juu ya kusimamisha. Usiulize sana, bataamuka."

Na kwangu mimi, kila alfajiri aliponikuta na reki: "Umetandika kitanda? Kamio iko na usingizi."

Kutandika kitanda ndiko kulikuwa kazi yangu. Kila asubuhi, kabla ya lori kuingia, nilipaswa kupiga reki uwanja wote, udongo uwe laini na sawasawa kutoka ua hadi ua. Kisha niliandika kwenye daftari: reki, ndiyo; lori limeingia saa ngapi; injini imezimwa saa ngapi; lori limetoka saa ngapi. Liliingia saa kumi na mbili na kutoka saa sita. Mchana wote kamera ilitazama mahali lilipokuwa.

Jumamosi ya tarehe nane lilisimama kama kawaida. Jumapili kaka yangu akafa. Jumanne tukamzika.

Shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, alisimama mlangoni siku hiyo ya mazishi akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Pale alikuwa nakaa, pale alikuwa nalala, musifagie. Mupaka siku ya kumaliza kilio." Ndivyo tunavyofanya. Nyumba ya msiba haifagiwi mahali pa marehemu hadi ndugu wote wafike, na siku ya kumaliza, mkubwa wa ukoo ndiye anayeshika ufagio kwanza. Kwa kawaida ni siku chache. Lakini ndugu zetu wa Lubudi walikuwa wanangoja treni, na treni ilikuwa haijulikani.

Enjenia alikuja msibani. Alivua viatu, akaketi chini pamoja na wanawake, na alipoondoka aliniita kando, kwa heshima yake ya kuniita tata, yaani baba.

"Tata, bakia nyumbani. Kamio haiko, na mi nitapiga tu picha za uwanja mutupu. Hata hizo niko na lazima nazo."

Nilimwambia nitakuja. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na kila aliyefika aliniuliza kaka yako alikufaje, na kila mara nilianza tangu kwenye bukari.

Jumatano asubuhi nilianza kupiga reki kutoka kwenye ua. Nilipofika katikati nilikuta mistari ya magurudumu ya Jumamosi, na tone la mafuta mahali injini hukaa. Nikasimama. Nikafikiri: hapa pia alikuwa anakaa. Tena hapa alikaa zaidi kuliko nyumbani. Sikumwuliza mtu. Nikapiga reki kuzunguka mahali pale, kwa uangalifu kama mtu anayezunguka mgonjwa aliyelala, na nilipomaliza niliandika kwenye daftari: reki, ndiyo. Sikuona kwamba ni uongo. Uwanja nilikuwa nimeupiga reki.

Mchana huo enjenia aliniita kwenye hema lake.

"Tata, kuya uone hii kintu."

Kwenye kompyuta uwanja ulikuwa wa njano wote, na katikati kulikuwa na doa la buluu lenye umbo la lori. Lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa nyumbani kwa kaka yangu tangu Jumamosi. Kando yake alikuwa ameweka mchoro wa kompyuta wa saa ileile. Mchoro ulikuwa wa njano mtupu.

"Kompyuta inasema doa ya Jumamosi ilipaswa kuisha Jumapili asubuhi," alisema. "Leo ni Jumatano."

Nilikaa kwenye ndoo. Aliniuliza kama kuna mtu aliyemwaga maji. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Aliniuliza kama kuna gari lililoingia. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli.

Alhamisi doa lilikuwepo. Ijumaa lilikuwepo. Enjenia alipanda mlingotini akafuta kioo cha kamera. Alichomeka vipimajoto ardhini, na vipimajoto vikasema kama kamera. Tena kukawa na jambo jingine: picha za alfajiri zilikuja kinyume. Kabla ya jua kuchomoza, doa lilikuwa na joto kuliko uwanja wote. Jua likipanda, linageuka baridi.

"Asubuhi moto, mchana baridi," alisema akikuna kichwa kwa kalamu. "Sawa mutu mwenye malaria."

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Nilipofika nyumbani nilimwambia shangazi. Nilitaka tu kumwambia mtu. Alivuta kitenge chake mabegani, akasema, "Bado hajaenda." Wanawake waliokuwa jikoni walisikia. Kilio kikaanza upya kama siku ya kwanza, mke wa marehemu akaanguka, na mimi nikabaki nimesimama na kofia mkononi. Sikusema ndiyo na sikusema sivyo.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua. Nilijua kwamba sikupiga reki pale. Nilijua kwamba doa liko pale. Mambo hayo mawili nilikuwa nayo, moja huku na moja kule, na kwa siku nane sikuyakutanisha. Kila asubuhi nilizunguka mahali pale na kuandika ndiyo, na kila mchana nilikwenda kutazama kama bado yupo. Yeye, nilikuwa nimeanza kusema yeye. Nadhani sikujua. Lakini pia sikuuliza, na sababu ya kutouliza ni kwamba sikutaka lifutike.

Jumatano iliyofuata nilimkuta enjenia amechangamka. Alikuwa amenunua mandazi, akanipa mawili.

"Tata, minafikiri nimeelewa. Ni udongo wa huku. Iko na shaba mingi, njo maana inashikilia alama. Hakuna mutu aliandika hii. Ni kintu ya mupya!"

Aliniambia kwamba ameanza kubadilisha namba, ili kompyuta ikubali kwamba huku kwetu doa la lori linaweza kukaa siku kumi. Mchoro ulikuwa umeanza kufanana na picha zetu. Ijumaa angetuma kazi hiyo kwa wakubwa wake, nao wangeitumia kwenye kuta za mabwawa.

Nikamwuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu siku ya kijiti. "Na kama kamio ilisimama juu ya ukuta, halafu ukuta ukaanza kuvuja palepale?"

Alifikiri. "Kompyuta itasema ni kamio. Itangoja siku kumi kabla ya kuita batu."

"Siku kumi."

"Njo vile udongo inasema, tata. Siyo mi."

Dada yetu wa mwisho anaishi chini ya ukuta mmoja wa namna hiyo, na watoto wake wanne. Niliuchimba msingi wa nyumba yake kwa mikono yangu. Nilirudi uwanjani na andazi moja bila kulila.

Jua lilikuwa kali. Nilivua kandambili nikatembea juu ya udongo niliopiga reki asubuhi. Mguu ulizama na ukaungua, ikanibidi kuruka. Nikaingia mahali pa kaka yangu. Pale palikuwa pagumu, pamekandamizwa, na nyayo zikapoa. Nilisimama humo muda mrefu. Kama ningeishia hapo, hata leo ningekuwa naamini kama shangazi. Lakini kutoka uwanjani nilipita kwenye njia ndogo ambayo mlinzi wa lango, enjenia na mimi huitumia kwenda chooni. Njia hiyo haipigwi reki. Nayo ilikuwa ngumu. Nayo ilikuwa baridi chini ya nyayo, baridi ileile. Na kwenye njia ya chooni hakuna mtu aliyekufa.

Nilivaa kandambili nikaenda nyumbani bila kuaga.

Alhamisi asubuhi sikushika reki. Nilimngoja enjenia kwenye lango la uwanja.

"Mama, ile mahali ya kati, mi sikupiga reki."

"Leo?"

"Tangu mukubwa yangu alikufa. Siku tisa. Nyumbani kwetu hatufagie mahali ya mutu mupaka kilio kimalizike. Nilizunguka. Udongo wa reki unaungua mbio, ule mugumu haiungue. Hata njia ya choo iko vilevile. Nilijaribu na miguu."

Alichukua bisibisi kutoka kwenye mfuko wake, akaenda katikati, akaichoma ardhini. Iliingia kidogo tu. Akaichoma pembeni, kwenye udongo wa reki. Ilizama hadi kwenye mpini. Alirudia mara nne au tano, mahali tofauti, kama mtu anayetafuta kunikuta nimekosea. Kisha akachuchumaa palepale.

"Na kwa daftari uliandika ndiyo."

"Niliandika ndiyo."

"Siku tisa, tata! Mi nilipanda juu ya mulingoti sawa nyani. Nilikuwa nalala na shaba kwa kichwa." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Sababu gani haukuniambia siku ya kwanza? Ningekubali. Ningeandika tu: hapa hakukupigwa reki, sababu ya kilio. Hata kwetu batu banakufa."

Nilimwambia nitaacha kazi kama anataka. Alinipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi, akaingia kwenye hema, na nikamwona akirudisha zile namba za zamani, moja moja.

Aliporudi nje alikuwa na daftari.

"Ikala hapa chini. Shee babili tutasoma kila mustari. Nataka kujua kama kuna kingine kiko humu kisicho vile."

Nilitaka kusema hakuna. Tulisoma mwezi wa sita wote, na kweli hakukuwa na kitu. Tukafika Jumamosi ya tarehe nane. Nilikuwa nimeandika: injini imezimwa saa kumi na mbili na dakika tano.

"Hii siyo," nikasema.

Kaka yangu alikuwa akizima mara tu akishasimama, kila siku, kwa hiyo nilizoea kuandika kabla hajazima, kisha kwenda kunywa chai kwa mlinzi. Jumamosi hiyo niliandika nikaenda. Niliporudi kuchukua sweta yangu injini ilikuwa bado inawaka. Kaka yangu alikuwa ndani, vioo vimefungwa, amevaa sweta yangu juu ya koti lake, na mikono ameilaza pale mbele panapotoka hewa ya moto. Mwezi wa saba asubuhi ni baridi huku kwetu, lakini si baridi ya namna ile.

"Mukubwa," nilimwambia, "sasa umekuwa kizee? Baridi ya hapa haiue mutu."

Naye akacheka, meno yakigongana, akasema, "Acha mafuta ya batu inipashe moto kidogo."

Nikarudi kwenye chai. Niliwasimulia mlinzi na wauza makaa wawili waliokuwa wakipumzisha baiskeli zao, na tukamcheka pamoja. Saa ambayo injini ilizimwa sikuiona.

Enjenia aliniingiza hemani, akafungua picha ya Jumamosi ile, ya saa sita na dakika kumi, baada tu ya lori kuondoka. Ndani ya doa la buluu, upande wa mbele, kulikuwa na doa dogo la njano.

"Hii ilinisumbua," alisema. "Niliwaza ni mafuta imemwangika."

Akaiambia kompyuta ichore lori letu likiwa na injini inayowaka nusu saa. Tulingoja. Mchoro ulitoka, na doa la njano halikuonekana. Akaandika saa moja. Likatoka hafifu. Akaandika saa mbili, likawa kubwa mno. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na sikuwa na hakika ninataka nini kitoke. Akaandika saa moja na nusu. Aliweka mchoro kando ya picha, na hata mimi niliona kwamba ni kitu kimoja.

Saa moja na nusu. Mahali tulipokunywa chai ni hatua thelathini kutoka hapo. Injini ile nilikuwa naisikia muda wote.

"Tata," enjenia aliuliza bila kugeuka, "alikuwa namna gani?"

"Alikuwa nasikia baridi. Alikuwa natetemeka. Nilimucheka."

Kompyuta ilijua muda. Haikujua kingine chochote, na mimi niliyekuwepo sikujua hata muda. Nilijaribu kufikiri kama ningempeleka hospitali saa ile, Jumamosi, na siku nzima mbele yetu, na sikuweza kufika popote na wazo hilo. Hadi leo sifiki.

Enjenia alikata saa niliyoandika, akaandika nyingine juu yake. Aliniuliza kilio kitamalizika lini. Nikasema treni ya Lubudi inasemekana itafika Jumamosi. Akasema basi nisiguse pale katikati, ataelekeza kamera upande mwingine wa uwanja, na asubuhi nitapiga reki huko.

Kisha akapiga simu kwa wakubwa wake. Alizungumza Kifaransa haraka, nami nilishika maneno machache: udongo, reki, kosa, kesho hapana. Alieleza jambo la kilio pia, nadhani, kwa sababu alinionyesha kwa kidevu ingawa mtu wa upande wa pili hakuweza kuniona. Sauti ile ikauliza kitu. Enjenia akaziba simu kwa kiganja.

"Banauliza mukubwa yako alikufa na nini."

"Mi sijue," nikamwambia.

Akawaambia hivyo.